Kazi ya Mlinzi wa Mstari katika Futiboli ya Marekani: Kuingia, Kudumu na Kutoka Salama

Mlinzi wa mstari wa ushambuliaji ni mmoja wa wachezaji watano wanaojipanga mbele ya kwotabeki, yule mrushaji ambaye mashambulizi ya timu huanzia mikononi mwake. Katikati husimama senta, anayeanzisha kila jaribio, yaani kila kipande cha mchezo, kwa kuupitisha mpira kati ya miguu yake hadi kwa kwotabeki. Kushoto na kulia kwake wapo walinzi wawili wa ndani, na nje zaidi walinzi wawili wa pembeni. Kazi yao ni kumkinga kwotabeki anapotafuta wa kumrushia mpira, na kumfungulia njia mkimbiaji anapoubeba. Kwa kawaida kanuni haziwaruhusu kudaka pasi, na ukimwondoa senta, mlinzi anaweza kumaliza msimu mzima bila kuugusa mpira.

Ndiyo maana mlinzi wa mstari hana takwimu za kutamba nazo. Wenzake huhesabiwa yadi na pointi, lakini yeye hutajwa zaidi anapokosea. Akimshika mpinzani isivyo halali, timu yake hurudishwa nyuma yadi 10. Akitikisika kabla ya mpira kuanzishwa, yadi 5. Pamoja na hayo, walio bora hulipwa vizuri sana. Mwaka 2024 Tristan Wirfs wa Tampa Bay Buccaneers alisaini mkataba wenye wastani wa zaidi ya dola milioni 28 kwa mwaka. Kufika hapo ni safari ndefu, na wengi huishia njiani. Kijana anayeitamani kazi hii, pamoja na wazazi wake, wanafaa kujua mapema jinsi watu wanavyoingia, kinachowafanya wadumu, na namna ya kutoka wakiwa na afya na akiba.

Kwa nini kazi hii ina thamani

Mabadiliko mawili yaliipandisha kazi hii hadhi. La kwanza ni la kanuni: mwaka 1978 NFL, ligi kuu ya mchezo huu, iliwaruhusu walinzi wa mstari kunyoosha mikono na kufungua viganja wanapomzuia mpinzani. Kuanzia hapo mikono ikawa silaha, na mchezo wa kurusha pasi ukapanuka. La pili ni kuongezeka kwa wavamizi wenye kasi kubwa, yaani wapinzani wanaomkimbilia kwotabeki ili kumwangusha, na mfano wao mkuu ni Lawrence Taylor wa New York Giants. Tarehe 18 Novemba 1985, Taylor alimwangusha kwotabeki Joe Theismann wa Washington mbele ya watazamaji wa televisheni nchi nzima. Mguu wa Theismann ulivunjika vibaya na hakucheza tena.

Kwotabeki anayetumia mkono wa kulia hugeuza kifua upande wa kulia anapojiandaa kurusha, kwa hiyo haoni kinachomjia kutoka kushoto. Mlinzi wa pembeni kushoto ndiye jicho lake la upande huo, na hii ndiyo sababu kwa miaka mingi nafasi hiyo imekuwa ikilipwa zaidi ya nyingine nne. Hata hivyo kijana hashauriwi kuchagua nafasi kwa kuangalia mshahara. Mwenye mikono mirefu na miguu myepesi hufaa pembeni. Aliye mfupi kidogo, mpana na mwenye nguvu za kusukuma hufaa ndani. Na anayeusoma mchezo haraka hufaa kuwa senta.

Miguu, mikono na kichwa

Wengi wa walinzi katika NFL wana uzito wa zaidi ya kilo 136 na urefu wa zaidi ya sentimita 190. Mwili huo unahitajika, lakini haumtofautishi mtu na wenzake, kwa kuwa kila anayegombea nafasi anao. Makocha hutazama miguu kwanza.

Tendo lenyewe likitazamwa kwa karibu linaonyesha sababu. Mlinzi wa pembeni huanza akiwa amepinda magoti, uzito ukiwa umegawanyika sawasawa. Mpira unapoanzishwa, hupiga hatua fupi za kurudi nyuma kwa kuteleza, mguu wa nje ukitangulia, mgongo ukiwa umenyooka. Viwiko hubaki karibu na mbavu. Mvamizi akifika, mlinzi hupeleka viganja kifuani mwake, ndani ya mabega, dole gumba likielekea juu. Mikono ikipita nje ya mabega, mwamuzi ataona amemshika. Akiegemea mbele, mvamizi humvuta akaanguka kifudifudi; akisimama wima, husukumwa hadi miguuni pa kwotabeki. Yote haya hutokea ndani ya sekunde mbili na nusu hadi tatu, na hurudiwa makumi ya mara katika mechi moja.

Kwa hiyo mazoezi ya kijana wa miaka 14 hadi 18 yasiwe ya kunyanyua vyuma peke yake. Michezo mingine humjenga zaidi. Mieleka hufundisha kushusha kiuno na kutumia nguvu za mpinzani dhidi yake mwenyewe. Mpira wa kikapu hufundisha kuteleza kando bila kuvuka miguu. Raga na kurusha tufe hujenga nguvu ya mlipuko kutoka nyongani. Uzito uongezwe polepole, kwa chakula cha kawaida na usingizi wa kutosha. Kijana anayelazimishwa kunenepa haraka hupoteza wepesi wa miguu ambao kocha angemchagulia, na hujiletea shinikizo la damu mapema. Dawa za kuongeza misuli ziepukwe kabisa: zinaudhuru moyo, na NFL huwapima wachezaji na kuwafungia wanaopatikana nazo.

Kichwa nacho kina mazoezi yake. Kabla ya kila jaribio senta huangalia jinsi wapinzani walivyojipanga, kisha huwatajia wenzake nani atamzuia nani. Wapinzani wakibadilika, naye hubadilisha, na wote watano hutakiwa kuelewa kwa wakati mmoja. Ugenini, kelele za mashabiki zinapozima sauti ya kwotabeki, mlinzi wa ndani hugeuka kumtazama, humgusa senta mguuni, naye senta hutoa ishara kwa kichwa kabla ya kuanzisha mpira. Mlinzi mmoja asipokuwa makini, kazi ya wanne waliobaki huharibika. Kujifunza kutazama video za mechi kwa utulivu, ukifuatilia hatua za mchezaji mmoja badala ya mpira, ni tabia inayofaa kuanza tangu sekondari.

Njia za kuingia

Njia ya kawaida huanzia shule ya sekondari, hupitia timu ya chuo kikuu, na huishia katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NFL. Mchezaji huruhusiwa kuteuliwa walau miaka mitatu baada ya kumaliza sekondari. Uteuzi hufanyika kila mwaka kwa raundi saba, na timu 32 hugawana wachezaji kwa zamu. Kabla yake, wachezaji kadhaa hualikwa Indianapolis kupimwa: mbio za yadi 40, mizunguko ya kubadili mwelekeo, kunyanyua chuma cha kilo 102 mara nyingi kadiri wawezavyo, vipimo vya daktari na mahojiano na makocha. Asiyeteuliwa bado anaweza kusaini kama mchezaji huru na kugombea nafasi kambini.

Mzazi aliyehamia Marekani kutoka Kenya, Tanzania au Kongo anaweza kusikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa kocha wa shule kwamba mwanawe ana umbo la kazi hii. Kabla ya kukubali, ni vyema aulize maswali ya wazi. Je, shule ina mtaalamu wa afya ya wanamichezo uwanjani wakati wa mazoezi na mechi? Wachezaji hugongana kwa nguvu mara ngapi kwa wiki? Mtoto akigongwa kichwani, nani ana mamlaka ya kumtoa? Chuo kinapotoa ufadhili, aulize kama unahusu masomo yote, unadumu kwa muda gani, na nini kitatokea mtoto akiumia. Tangu Julai 2021 wanamichezo wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao, lakini mwenye viza ya mwanafunzi ana mipaka ya kufanya kazi nchini humo. Asisaini mkataba wa aina hiyo kabla ya kuonana na ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chake au wakili wa uhamiaji.

Kwa aliye nje ya Marekani, mlango upo ingawa ni mwembamba. Mwaka 2017 NFL ilianzisha mpango wa kuwaandaa wanamichezo wa kimataifa. Jordan Mailata, Mwaustralia mwenye asili ya Samoa, aliupitia akitokea raga. Hakuwa amecheza hata mechi moja ya futiboli ya Marekani wakati Philadelphia Eagles walipomteua mwaka 2018, akiwa wa 233, karibu na mwisho kabisa wa orodha. Miaka miwili ya mwanzo hakucheza mechi ya ligi. Alijifunza hatua na mikono chini ya kocha Jeff Stoutland. Mwaka 2020 akaingia uwanjani, na Februari 2025 alikuwa mlinzi wa pembeni kushoto wa timu iliyowafunga Kansas City Chiefs 40–22 katika Super Bowl, fainali ya ligi. Kabla yake, mwaka 2013, Daniel Adongo wa Kenya alitoka kwenye raga akasajiliwa na Indianapolis Colts, ingawa yeye alicheza upande wa ulinzi. Mifano hii inafundisha kwamba anayetoka katika mchezo mwingine anahitaji mwili wa kipekee, kocha mwenye subira, na miaka ya kujifunza bila kuonekana.

Nafasi ya mwisho katika orodha haimfungii mtu mlango. Jason Kelce aliingia chuo cha Cincinnati bila ufadhili wa michezo, na hakuwa mlinzi wa mstari. Akahamishiwa huko, akateuliwa raundi ya sita mwaka 2011, kisha akacheza misimu 13 kama senta wa Eagles na kutwaa Super Bowl mwezi Februari 2018. Alikuwa mwepesi kuliko masenta wengi, na akaugeuza wepesi huo kuwa sifa yake kwa kuwahi kufika mahali ambapo wazito walichelewa.

Kubaki kikosini

Timu huenda kambini na wachezaji 90, na msimu unapoanza hubaki na 53. Kikosi cha mazoezi huchukua wengine 16 hivi. Mlinzi mpya anayetaka kubaki anashauriwa kujifunza zaidi ya nafasi moja. Siku ya mechi timu huwa na walinzi wachache wa akiba, kwa hiyo anayeweza kucheza ndani kulia na kushoto, na kumrudishia kwotabeki mpira senta akiumia, ana thamani kuliko mwenye nguvu zaidi anayejua nafasi moja tu. Kuhamia upande mwingine si jambo dogo, kwa sababu hatua na mikono yote hugeuka, hivyo zoezi hilo lifanywe mapema nje ya msimu.

Uaminifu ni sifa ya pili. Joe Thomas wa Cleveland Browns alicheza majaribio 10,363 mfululizo tangu 2007 bila kukosa hata moja, hadi msuli wa mkono ulipochanika Oktoba 2017. Timu yake ilipoteza mechi nyingi miaka hiyo, naye hakuwahi kufika Super Bowl, lakini mwaka 2023 aliingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo. Makocha humthamini mchezaji wanayejua atakuwepo Jumapili, akijua mpango wote.

Uaminifu huo usigeuke kuwa ukaidi dhidi ya mwili. Tarehe 1 Agosti 2001, Korey Stringer, mlinzi wa pembeni wa Minnesota Vikings, alifariki akiwa na miaka 27 baada ya kuzidiwa na joto kambini. Mtu mwenye mwili mkubwa huhifadhi joto jingi, na jezi pamoja na kinga za mwili hulizuia kutoka. Mchezaji anayesikia kizunguzungu, kichefuchefu au kuchanganyikiwa anatakiwa kusema papo hapo, na timu yoyote, iwe ya shule au ya ligi kuu, inatakiwa kuwa na beseni kubwa la maji ya barafu karibu na uwanja. Mwathirika hupozwa kwanza, kisha hupelekwa hospitali.

Mkataba na fedha

Mchezaji aliyeteuliwa husaini mkataba wa miaka minne. Mwaka 2024 kima cha chini kwa mchezaji mpya aliye katika kikosi kamili kilikuwa dola 795,000 kwa msimu, na aliyeanza katika kikosi cha mazoezi alilipwa dola 12,500 kwa wiki. Kiasi hicho cha wiki huisha mara mchezaji anapoachwa, na anaweza kuachwa siku yoyote.

Katika mkataba mkubwa, namba ya kusoma kwanza ni ya fedha zilizodhaminiwa. Jumla inayotangazwa magazetini huwa na miaka ya mwisho ambayo timu inaweza kuifuta bila kulipa. Wakala achaguliwe miongoni mwa waliosajiliwa na chama cha wachezaji, ambacho hakiruhusu ada yake izidi asilimia 3 ya mshahara. Mshauri wa fedha awe mtu mwingine, na mhasibu awe wa tatu, ili pasiwe na mtu mmoja anayeshika kila kitu. Kodi nayo inahitaji uangalizi: majimbo mengi hutoza sehemu ya mshahara kwa mechi zilizochezwa humo, wakati Texas na Florida hazina kodi ya mapato ya jimbo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Takwimu ambayo chama cha wachezaji kimekuwa kikiitaja ni kwamba mchezaji wa NFL hudumu wastani wa miaka mitatu na ushei. Bajeti ya busara basi hupangwa kana kwamba mkataba wa sasa ndio wa mwisho. Mchezaji aishi kwa sehemu ndogo ya mshahara, akiba iwekwe katika uwekezaji wa kawaida unaoeleweka, na biashara za jamaa na marafiki zisaidiwe kwa kiasi kilichopangwa mapema. Kwa familia za Kiafrika ambako mwenye kipato hubeba ukoo, ni afadhali kuamua kwa mwaka kiasi cha kusomesha na kutibu ndugu, na kukitangaza wazi, kuliko kujibu kila simu kwa wakati wake. Ni muhimu pia kuhesabu misimu: haki ya pensheni hupatikana baada ya misimu mitatu inayotambuliwa, na anayekaribia hapo asiache bila kulifikiria hilo.

Magoti, moyo na ubongo

Magoti ya mlinzi huumia mara nyingi pale mwenzake anapoangushwa juu ya mguu wake kutoka nyuma. Mabega, vidole na mgongo huchakaa kidogo kidogo. Kinga za magoti, mazoezi ya nyonga na kifundo cha mguu, na kutosimama kizembe karibu na rundo la walioanguka hupunguza hatari, ingawa haviiondoi.

Ubongo unahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa mlinzi wa mstari hugongana karibu kila jaribio. Mike Webster, senta aliyetwaa Super Bowl nne na Pittsburgh Steelers, alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 50 baada ya kuteseka kwa kupoteza kumbukumbu na utulivu wa akili. Bennet Omalu, daktari mzaliwa wa Nigeria, aliuchunguza ubongo wake akakuta dalili za ugonjwa sugu unaotokana na kugongwa mara kwa mara, na mwaka 2005 akachapisha matokeo yake. Mwaka 2017 watafiti walieleza kwamba kati ya bongo 111 za waliowahi kucheza NFL, 110 zilikuwa na ugonjwa huo. Bongo hizo zilitolewa na familia, nyingi zikiwa zimeshaona dalili, kwa hiyo idadi hiyo si kipimo cha wachezaji wote. Inatosha, hata hivyo, kuonyesha kwamba hatari ni ya kweli. Ugonjwa wenyewe huthibitishwa baada ya kifo tu, hivyo kinga ndiyo njia iliyopo: kuzuia kwa mikono bila kutanguliza kichwa, kupunguza migongano mazoezini, na kutorudi uwanjani baada ya mtikisiko hadi daktari asiyeitegemea timu aidhinishe.

Moyo nao hubeba mzigo wa kilo zote hizo. Shinikizo la damu na kukatika kwa pumzi usingizini ni matatizo ya kawaida kwa watu wenye miili hii. Vipimo vya kila mwaka vifanywe hata kama mchezaji hajisikii vibaya.

Kutoka vizuri

Kazi ya pili ya mlinzi anayestaafu ni kupunguza mwili aliolipwa kuujenga. Joe Thomas alipunguza zaidi ya kilo 20 baada ya kuacha. Alan Faneca, aliyekuwa mlinzi wa ndani wa Steelers, alipungua hadi akakimbia marathoni huko New Orleans mwaka 2014. Kinachosaidia ni kuanza ndani ya miezi ya kwanza, kupunguza milo kabla hamu ya kula haijawa mazoea ya kudumu, na kuchagua kuogelea au baiskeli ili magoti yapumzike.

Masomo yasisubiri kustaafu. Laurent Duvernay-Tardif wa Canada alihitimu udaktari McGill mwaka 2018 akiwa bado anacheza, akatwaa Super Bowl na Chiefs Februari 2020, kisha akaacha msimu uliofuata ili kuwahudumia wazee katika kituo cha afya Quebec wakati wa janga la UVIKO-19. John Urschel alichezea Baltimore Ravens misimu mitatu na, akiwa bado anacheza, akaanza kusoma shahada ya uzamivu ya hisabati katika chuo cha MIT; mwaka 2017 alistaafu akiwa na miaka 26, na leo anafundisha chuoni hapo. Kwa upande mwingine, Andrew Whitworth alicheza hadi miaka 40, akashinda Super Bowl na Los Angeles Rams Februari 2022, ndipo akaacha.

Hakuna umri mmoja sahihi wa kuondoka. Vipo vigezo vya kujipima kila mwisho wa msimu: ripoti ya daktari wa nje, akiba ikilinganishwa na matumizi ya miaka ijayo, hatua iliyofikiwa katika masomo au kazi nyingine, na kauli ya wale wanaoishi na mchezaji kuhusu kumbukumbu na hasira zake. Viwili kati ya hivyo vikielekea kubaya kwa pamoja, ni wakati wa kufunga mkataba uliopo na kutosaini mwingine.